Faili Lililorukwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta katikati ya uwanja wa hospitali, sina mwavuli, na viatu ni vile vya ngozi. Nimeingia ofisini kama kuku aliyetolewa kwenye ndoo. Bosi akanitazama juu hadi chini, akasema, "Karibu. Kazi yako mpya imekuja na maji yake."

Kazi yenyewe ni hii. Maabara ina mfumo wake wa kompyuta, wodi zina wa kwao, na mifumo hiyo miwili haisemezani. Majibu ya damu yanachapishwa maabara, tarishi anayabeba, anavuka uwanja, anayakabidhi wodini. Jua likiwaka ni robo saa. Mvua ikinyesha inaweza kuwa saa nzima, na karatasi inafika imelowa, muuguzi anabaki kukisia kama hii ni tatu au nane. Sasa imenunuliwa programu ya kuunganisha mifumo, na mimi ndiye wa kuiunganisha. Nimepewa mpaka mwisho wa masika.

Nitaandika humu kila ninapopata nafasi. Nikikosea, nijue nilikosea wapi.

Jumanne, 4 Machi

Programu imewekwa na inawaka vizuri, ila haijui lolote. Inasubiri kulishwa skima.

Jioni mamamkwe, tukiwa tunakunja nguo, kaniuliza skima ni mdudu gani. Nikamwambia, "Mama, ni kama fomu. Inasema jina likae wapi, tarehe ikae wapi, na mahali pa namba mtu asijaze maneno. Programu ikishaijua fomu, inaweza kusoma ujumbe wowote utakaoletwa."

Akafikiri kidogo. "Kumbe wewe ni karani."

Miaka kumi na sita ya kompyuta, nimeishia kuwa karani. Mume wangu alicheka hadi akaangusha beseni tulilokingia maji yanayovuja darini. Yeye ni fundi bomba, mtaa mzima anawazibia wenzake, kwake panavuja. Mganga hajigangi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda maabara kuomba mafaili ya mfumo wao: skima zote, pamoja na lile la maelezo ya huduma, linalosema mfumo unapokea maswali gani na unayajibu vipi. Mkuu wa maabara ni mama wa makamo, mnyoofu kama rula, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo, mama. Nimeagizwa nije kuchukua mafaili."

"Marahaba. Hapana."

"Nakala tu, mama. Sitagusa ya kwako."

"Hapana."

"Basi nikae hapa hapa niyatazame?"

"Hapana, dada. Unaniona na watu wangapi dirishani?"

Wodini wanamwita Bi Hapana. Kuanzia leo nami nimo.

Jumanne, 11 Machi

Faili moja limekuja! Tarishi kaniletea kwenye flashi kutoka kwa Bi Hapana, bila salamu wala maelezo. Ni lile la maelezo ya huduma. Nikaliingiza kwenye programu huku nasugua viganja. Nyekundu tupu. Faili linaita wenzake kumi na mmoja, na wote linawatafuta kwenye kompyuta ambayo ilishakufa, ikazikwa stoo. Ni kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

Tarishi alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama. Ni mtu mzima, miguu mirefu kama ngazi. Akaniambia, "Mama, ndiwe unayekuja kuninyang'anya uwanja wangu?"

Nikamwambia damu yenyewe bado haipiti kwenye waya. Ya kubeba yatakuwepo. Akasema hilo amelisikia na atalishika.

Alhamisi, 13 Machi

Maabara tena. Hapana.

Ijumaa, 14 Machi

Hapana. Na mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Leo kanipa. Nimekuta kiti kimewekwa, folda imefunguliwa kwenye kompyuta yake, imeandikwa USIGUSE. Mafaili yote kumi na moja yamo.

"Utayachukua," akasema, "lakini kwa sharti. Karatasi ziendelee kutembea. Kila jibu litakalopita kwako, na karatasi yake iende wodini, mpaka masika yaishe."

"Mama, sasa tutakuwa tumerahisisha nini? Tarishi ataendelea kulowa, na wauguzi watasoma kitu kimoja mara mbili."

"Alowe. Wasome."

Nilibishana naye kama dakika kumi nikaona napigia mbuzi gitaa. Nimekubali. Nimeondoka nikinung'unika peke yangu hadi kwenye mbao walizotutandikia juu ya dimbwi, nusura nitumbukie.

Bosi kasema nimvumilie, ana mwaka mmoja na nusu astaafu, watu wa namna hiyo hawapendi kubadilishiwa mambo. Nimemwamini.

Alhamisi, 20 Machi

Siku tatu za raha. Nimeweka mafaili kumi na mawili kwenye folda moja, nikapita moja baada ya jingine, kila palipoandikwa anwani ya ile kompyuta marehemu nikaelekeza kwenye folda yangu. Kazi ya kijinga, kazi tamu. Mvua inapiga dirisha, chai iko pembeni, na kosa moja moja linazimika. Makosa arobaini na matatu jana asubuhi. Kumi na tisa jana mchana. Leo saa nane, sifuri.

Programu ikachora mti mzima wa ujumbe wa maabara: mgonjwa, sampuli, kipimo, jibu. Kijani kila mahali. Ulikuwepo mstari mmoja wa njano, kitu kuhusu jina lililokwisha kuwepo na faili kurukwa. Nikabonyeza Sawa. Njano si nyekundu.

Nilipofika nyumbani mume wangu akaniuliza mbona naimba.

Jumanne, 25 Machi

Ujumbe wa kwanza wa majaribio umepita, kutoka maabara mpaka kompyuta yangu. Mgonjwa wa kubuni, damu ya kubuni. Nimeuchapisha nikaubandika ukutani.

Jumanne, 1 Aprili

Tumefungua wodi moja kwa majaribio, vipimo vya wingi wa damu peke yake. Sista mkuu wa wodi ni mcheshi, anaita mfumo wangu "mjumbe asiyelowa". Majibu yanafika kabla tarishi hajamaliza kufunga vifungo vya koti la mvua.

Naye anakuja na karatasi vilevile. Amri ya Bi Hapana. Sista anazipokea, anazipanga, anatikisa kichwa. Nami natikisa cha kwangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Majibu hamsini na sita. Hakuna tatizo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Majibu sitini na moja. Bi Hapana kapiga simu kuuliza kama karatasi zinasomwa. Nikasema zinasomwa. Uongo mdogo, zinapangwa.

Jumanne, 15 Aprili

Jioni hii tumeongeza kipimo cha sukari. Nimekagua njia nzima: jibu linatoka, linapita, linafika. Bosi kanipongeza mbele ya watu.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika mchana huu huu.

Saa nne asubuhi nilikuwa wodini kando ya sista mkuu, namwonyesha jinsi ya kufungua majibu ya sukari. Mvua ilikuwa inapiga bati, ukitaka kusikika lazima uinue sauti. Wakaleta bibi mmoja, kitanda cha saba, hajitambui. Binti yake nyuma anarudia neno moja tu: "Tangu alfajiri haniitikii. Tangu alfajiri." Kile kimashine cha kupimia sukari kidoleni kilikuwa kimeishiwa vijiti, kwa hiyo damu ikatolewa ikapelekwa maabara. Tarishi alikwenda nayo mbio.

Jibu lilipotokea kwenye kompyuta, tarishi bado hajarudi, mimi nilifurahi. Naliandika hili ili lisije likapotea. Bibi amelala pale kama gogo, na mimi nafurahi kwamba mfumo wangu una mwendo. Nilimgusa sista begani: "Umeona? Hata nusu saa haijafika."

Kwenye kioo: Sukari, miligramu 29.

Sista hakuwa na muda wa kunisifu. "Ishirini na tisa! Imeshuka kabisa hii. Leteni maji ya sukari, haraka." Muuguzi mwenzake akajaza sindano. Mpira ukafungwa mkononi mwa bibi, mshipa ukatafutwa, ukapatikana.

Ndipo tarishi akaingia anachuruzika, karatasi kaifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya koti. "Sista, mkuu wa maabara kasema nisiiweke mezani. Nikupe mkononi, uisome kwanza."

Sista akaipokea kwa kuudhika. "Ishirini na tisa, ndiyo hiyo hiyo tuna—" Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Namba ilikuwa 29 kweli. Mbele yake, kwa kalamu nyekundu, lilikuwa limezungushiwa duara neno moja: milimoli.

Nilikuwa sijui tofauti, nimeijua leo. Ishirini na tisa ya miligramu ni mwili uliokaukiwa sukari, unahitaji kupewa upesi. Ishirini na tisa ya milimoli ni sukari mara tano ya kawaida. Namba moja, vizio viwili vya kupimia, na dawa ya kimoja ni mzigo juu ya mzigo kwa kingine.

"Weka chini sindano," sista akamwambia mwenzake. Hakupiga kelele. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, kompyuta yako inasema ishirini na tisa ya nini?"

Nikapiga simu maabara. Kabla sijamaliza kueleza simu ilikatika, na baada ya dakika chache mkuu wa maabara alikuwa mlangoni mwenyewe, bila mwavuli, ubao mmoja wa dimbwini umemwacha na kiatu kimoja kimejaa tope. Akasoma kioo, akasoma karatasi, akamwambia daktari aliyekuwa ameshafika, "Amini karatasi." Bibi akaanza kutibiwa kwa kufuata karatasi.

Mimi nikafunga njia ya sukari hapo hapo, nikarudi ofisini kutafuta.

Haikuchukua muda. Mstari wa njano. Katika yale mafaili kumi na moja, mawili yana jina moja la ndani, la majibu ya sukari. La kwanza ni la zamani, halina nafasi ya kizio. La pili ni jipya, lina kizio. Programu ilisoma la kwanza, ikaona la pili lina jina lilelile, ikaliruka, ikaniambia imeliruka. Nami nikabonyeza Sawa. Kuanzia hapo kila jibu la sukari lilivuliwa kizio chake njiani, na kompyuta ya wodi, ikikuta namba tupu, ikaivisha miligramu ya zamani.

Nikamwonyesha bosi. Akavua miwani, akajisugua macho. "Hili tunalijua wewe na mimi. Bibi hakudhurika. Andika 'hitilafu ya mfumo', tengeneza, twende mbele."

"Bosi, mfumo haukukosea. Uliniambia."

Akavaa miwani. "Haya, nenda ukaseme. Lakini yule mama atakutafuna mzima mzima."

Nilivuka uwanja polepole, mvua ikininyeshea, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alikuwa amekaa, taulo kichwani, kiatu chenye tope kimeegemezwa dirishani. Nikamweleza yote, mstari wa njano, Sawa, jina moja mafaili mawili. Nilipomaliza nikasubiri kutafunwa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Lile la kwanza niliandika zamani, mashine yetu ikitoa miligramu. Mashine mpya ilipokuja nikaandika la pili, nikaongeza kizio. Ilikuwa nilipatie jina lake. Nikaacha la mwenzake, watu wamejaa dirishani, nikasema nitarekebisha kesho. Kesho hiyo haijafika." Akavua taulo, akaikunja mapajani. "Nilikuwa najua humo ndani hapajakaa sawa. Ndiyo maana sikutaka mtu ayafungue. Na ndiyo maana nilishikilia karatasi, na leo nikakizungushia kizio wino mwekundu. Hukuwa unanyimwa, mdogo wangu. Nilikuwa naona aibu."

Nimemsema wiki sita, nyumbani, ofisini, humu ndani. Nikasema tu, "Dada, basi tumeharibu wawili."

"Tutengeneze wawili."

Lile jina la utani sitaliandika tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Bibi wa kitanda cha saba kafungua macho. Binti yake kaniambia alichouliza kwanza ni nani kamvua hereni zake.

Jumanne, 22 Aprili

Leo mimi na mkuu wa maabara tulisimama mbele ya bosi na mganga mkuu wa hospitali, tukaeleza kila kitu. Yeye faili lake, mimi Sawa yangu. Mganga mkuu aliuliza maswali mengi, mengine makali. Mwisho akasema kazi iendelee, sukari isifunguliwe mpaka sisi wote wawili tutie sahihi. Karatasi ziendelee. Safari hii nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefuta skima zote kwenye programu, nimeanza upya. Dada wa maabara kalipatia lile faili la pili jina lake. Kisha tumeongeza kanuni: kizio ni lazima. Ujumbe wa sukari usio na kizio haupiti, unarudishwa ulikotoka. Nimeingiza mafaili. Nimesoma kila mstari wa taarifa, kijani na njano, kwa sauti. Mistari mia mbili na nane. Bosi alipita, akasimama, akaondoka kwa vidole vya miguu kama mtu aliyekuta watu wanaswali.

Jumatatu, 28 Aprili

Majaribio. Karatasi mia tatu za zamani. Dada wa maabara anasoma karatasi, mimi nasoma kioo.

"Tano nukta nane, milimoli."

"Tano nukta nane, milimoli."

"Kumi na mbili nukta moja, milimoli."

"Kumi na mbili nukta moja, milimoli."

Tumefika themanini. Koo limekauka.

Jumanne, 29 Aprili

Karatasi themanini na tano nyingine. Katikati kaniambia ana mume mstaafu anayepika vibaya na hataki kuambiwa. Nikamwambia habari za dari letu. Akauliza, "Fundi bomba?" Nikasema, "Fundi bomba." Tukacheka hadi tukasahau tulikuwa namba gani, ikabidi turudie ishirini.

Ijumaa, 2 Mei

Mia tatu kwa mia tatu. Hakuna tofauti hata moja. Tumepeana mikono kama wachezaji.

Jumatatu, 5 Mei

Sukari imefunguliwa tena, kwa sahihi mbili. Bibi wa kitanda cha saba aliruhusiwa wiki iliyopita. Leo kaja kliniki, akapita ofisini kwetu na binti yake. Anatembea vizuri. Hakujua mimi ni nani. Binti akamwambia, "Huyu ndiye mwenye kompyuta, mama, ile iliyokosea." Bibi akanitazama sana, halafu akanishika mkono. "Na imerekebika?" Nikamwambia imerekebika. "Basi," akasema, na akauliza choo kiko wapi.

Nimeshinda nalo hilo "basi" siku nzima.

Alhamisi, 8 Mei

Ujumbe mmoja umekataliwa: kizio hakikujazwa maabara. Ukarudi, dada akajaza, ukapita. Dakika tatu. Alinipigia simu, sauti kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani. "Umeona? Umenikatalia!" Nikamwambia nimeona.

Jumanne, 13 Mei

Wodi nne sasa. Mamamkwe kawaambia wanawake wenzake kwamba mkwewe ni karani mkuu. Nimepanda cheo.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua kidogo tu. Masika yamekwisha, na karatasi zimekwisha nayo. Tarishi kapewa kazi ya sampuli peke yake, na sanduku la baridi lenye mkanda wa begani. Analivaa hata likiwa tupu.

Ijumaa, 23 Mei

Wodi zote. Uwanja umekauka, mbao zimeondolewa.

Sikuwa na kazi ya haraka, nikaenda kusimama kwenye mlango wa wodi ya watoto, ambako siwajui watu. Mtoto mmoja alikuwa analia kwa nguvu zake zote, mama yake kampakata. Muuguzi akatazama kompyuta. Jibu likatokea, niliona mstari wake kwa mbali, namba na kizio chake. Akasoma, akaandika kwenye kitabu chake, akachukua dawa kwenye kabati, akaenda kwa mtoto. Hakushangaa wala hakumwita mwenzake aje kuona. Alisoma kama mtu anavyosoma saa ukutani.

Akarudi, akanikuta bado nimesimama pale pale.

"Dada, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Basi usisimame mlangoni, unazuia wanaopita."

Nikamwomba radhi, nikasogea, nikaenda zangu nyumbani mapema, kwa miguu, moyo mweupe.